Tufuate Mkate Tanurini

Ndugu msomaji wa Dar es Salaam, kesho alfajiri usimtume mtoto dukani kwa Mangi akuletee mkate. Toka mwenyewe, lipite lile duka, uendelee mpaka kule mkate unakookwa. Kama hupajui, uliza. Muulize dereva wa bodaboda anayekesha kijiweni, muulize mlinzi, muulize mama anayeuza supu na chai pembeni mwa stendi. Hao ndio wanaonunua mkate kabla mji haujaamka, na wanajua ni uchochoro gani unaonukia saa kumi za usiku.

Sina ugomvi na Mangi. Duka lake ndilo linalotukopesha sukari mshahara ukichelewa, na mkate wake utaendelea kutufaa siku za haraka. Ninachoomba ni kwamba kila nyumba ya mji huu iwe na tanuri moja inalolijua, iende huko walau mara moja kwa wiki, inunue mkate kutoka mkononi mwa aliyeuoka, imsifu akipatia na imwambie akikosea. Mkate mzuri hautaletwa mjini na matangazo ya biashara. Utaletwa na walaji wanaojulikana kwa sura na fundi anayewaokea.

Mkate wa kukaa rafuni una masharti yake. Lazima ustahimili safari ya gari, joto la dukani, siku tatu nne ndani ya plastiki, na vidole vya kila anayeubonyeza kuangalia kama bado ni laini. Kiwanda kinalijua hilo, kwa hiyo huongeza sukari na mafuta ili ulaini udumu, na mara nyingi huweka dawa ya kuzuia ukungu ambayo sheria za chakula zinairuhusu kwa kiasi maalumu. Hakuna sumu hapo, na nisingependa mtu aache kula kwa hofu. Lakini miaka ya kula mkate wa aina hiyo peke yake imetusahaulisha kwamba mkate una ganda, na kwamba ganda lina ladha kuliko yote yaliyomo ndani. Tumelea watoto wanaodhani mkate ni kitu cha kubebea siagi tu.

Twende basi kwenye bekari moja ya Magomeni, isiyo na bango, yenye mlango wa bati na vijana wanne wa zamu ya usiku. Unga wa ngano, maji, hamira, chumvi, sukari kidogo na mafuta kidogo vimekandwa tangu saa nne usiku. Kufikia saa nane donge limeumuka mpaka limepita ukingo wa beseni. Fundi anakata kipande, anakitupia kwenye mizani, anaongeza kidogo au anapunguza, mkono ukienda wenyewe. Kwa mkate wa gramu 400 anapima donge la gramu 460 hivi, kwa sababu maji yanayopotea tanurini na wakati wa kupoa ni mengi kuliko watu wanavyodhani. Anayetaka kukupunja huanzia hapo hapo kwenye mizani. Kisha anaviringa kipande kwa viganja viwili, anakibana chini mpaka juu panakaza kama ngozi ya ngoma, anakilaza kwenye chombo cha bati kilichopakwa mafuta, anakifunika kwa kitambaa na kukiacha tena.

Kuacha huko ndiko kazi yenyewe. Hamira inakula sukari iliyomo katika unga na kutoa hewa inayoinua donge, na pamoja na hewa hiyo zinazaliwa ladha na harufu ambazo hakuna pakiti itakayokuuzia. Hazizaliwi kwa dakika kumi. Fundi mwenye haraka huzidisha hamira, donge likapanda kwa saa moja, na mkate ukatoka mkubwa, mweupe, wenye kunukia hamira yenyewe. Asubuhi unapendeza, jioni unamong'onyoka, kesho yake hauliki. Huyu wa Magomeni anasubiri. Ukimtazama amekaa juu ya gunia la unga, mikono imetulia magotini, utadhani anapumzika, kumbe sikio liko kwa yule kijana anayechungulia chini ya kitambaa kila baada ya muda. Kijana akisema bado, hakuna anayebishana naye.

Tanuri likifunguliwa, mkate wa kwanza unatolewa kwenye chombo chake na kupinduliwa, na fundi anaugonga chini kwa kifundo cha kidole. Ukilia kwa sauti ya kitu chenye uwazi ndani, umeiva. Ukilia kwa sauti nzito ya kufifia, unarudishwa. Nakuomba ujifunze kugonga huko, kwa sababu hakuhitaji chombo chochote na hakuna fundi wa kweli atakayekasirika ukimwomba ufanye hivyo mbele yake.

Kuna mengine ya kutazama. Rangi iwe ya kahawia iliyokolea, mpaka pembeni. Mkate wa rangi ya maziwa umetolewa mapema ili usipoteze uzito, na aliyekuuzia amekuuzia maji. Ubonyeze ubavuni kwa kidole kimoja, nawe utaona unarudi taratibu mahali pake. Usiporudi, haukuiva vizuri au donge lilipitiliza kuumuka. Ukiufikisha nyumbani, usiukate ukiwa wa moto. Najua inavyokuwa, watoto wamezunguka meza na chai imeshamiminwa. Subiri hata nusu saa, na saa nzima ni bora zaidi, maana ndani bado kuna mvuke na wanga haujatulia, na kisu kikipita sasa kitausaga na kuufanya unate. Ukipoa, kata kipande kinene, kinuse kabla ya kuweka chochote juu yake, kisha ukile kikavu. Mkate mzuri una utamu wa nafaka unaokuja baada ya kutafuna mara kadhaa. Ukiona lazima upake kitu ndipo umezeke, hapo kuna jambo la kumwambia fundi.

Na umwambie kwa heshima. Huyu mtu hajalala. Anza na salamu, shikamoo kama ni mzee, habari za kazi fundi kama ni kijana, kisha uliza: huu umetoka saa ngapi? Leo mmetumia unga gani? Ule wa jana mnaufanyaje? Swali la tatu lina thamani kubwa. Bekari inayokuonyesha mkate wa jana umetengwa pembeni na kuuzwa kwa bei ya chini imekuambia kwamba haichanganyi. Inayokujibu kwamba kwao mkate wa jana haupo kamwe, siku zote, mvua na jua, ichunguze zaidi.

Hili la tanuri dogo na mlaji anayejulikana si ndoto ya mpenda chakula. Mji huu umelijadili tangu zamani, na kwa fedha nyingi. Miaka ya 1970 Shirika la Usagishaji la Taifa, ile NMC ambayo wazee wetu wanaikumbuka, lilijenga hapa Dar es Salaam kiwanda kikubwa cha mikate kinachoendeshwa na mitambo, kwa msaada wa Canada. Mchumi Andrew Coulson alikiandikia sura nzima katika kitabu African Socialism in Practice, kilichotoka mwaka 1979. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: bekari ndogo ndogo zingeweza kutoa mikate hiyo kwa mtaji mdogo zaidi na kuwapa kazi watu wengi zaidi. Canada hiyohiyo ilisaidia pia mashamba makubwa ya ngano kule Hanang, ambako wafugaji wa Kibarbaig walipoteza malisho yao bora. Kipande cha mkate mezani Ilala kina mzizi unaofika mbali kiasi hicho, na walioamua juu yake walikuwa wachache mno.

Mimi naisoma hoja ya Coulson leo na kuona bado ina uhai. Tanuri la Magomeni linalisha vijana wanne wa usiku, wawili wa kusambaza asubuhi, mama wa chai aliye mlangoni, na muuza kuni au fundi umeme anayeitwa tanuri likigoma. Wote wanaishi umbali wa kutembea. Fedha yako ikiingia hapo inazunguka mtaani kwanza, ndipo iende kwingine.

Wengine watasema mkate wa bekari ni anasa, nami siwezi kulipita hilo haraka. Ngano nyingi tunayokula inaagizwa kutoka nje. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022 bei zilipanda duniani kote, na mwoka mikate wa uchochoroni ndiye aliyebanwa kuliko wote, kwa kuwa hana ghala la kuweka akiba. Akipandisha bei, wateja wanakimbia; akipunguza uzito, anakuwa mwizi. Kwa hiyo namwomba mwenye uwezo alipe bei ya haki bila kubishania shilingi hamsini, na namwomba fundi aendelee kuuza nusu mkate na skonzi mojamoja, ili mwenye mia chache naye aondoke na kitu cha moto. Jirani zetu wa Kenya walituonyesha kwamba mkate ni jambo la raia. Mwaka 2024 serikali yao ilipopendekeza kuutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, watu walikataa kwa sauti kubwa na pendekezo likaondolewa. Sisi tuanze na sauti ndogo zaidi, ya mteja mmoja mbele ya meza ya fundi wake.

Upande wa vitafunwa vitamu, nawaomba mtenganishe makundi mawili. La kwanza ni vile vya Kizungu vinavyopangwa kwenye kabati la kioo, kama kruasani na wenzake. Ubora wa kruasani uko kwenye siagi iliyokunjwa ndani ya donge tabaka kwa tabaka, nayo siagi huyeyuka kwenye nyuzi joto 32 hadi 35, karibu sana na joto la mchana wa Februari hapa Dar. Anayetaka kuitengeneza kwa siagi halisi lazima awe na chumba cha baridi, au afanye kazi usiku wa manane huku akirudisha donge kwenye friji kila baada ya mkunjo. Ndiyo maana ya kweli ni ghali. Ya majarini ni rahisi kutengeneza, lakini majarini hiyo imeundwa isiyeyuke upesi, kwa hiyo ukimaliza kula utahisi utando wa mafuta umebaki juu ya ulimi. Ukiuhisi, umeshajua ulichouziwa. Uliza kabla ya kulipa, na ukiambiwa ni siagi, lipa kwa moyo mweupe.

Kundi la pili ni letu, na halina kabati la kioo. Vileja vya unga wa mchele na samli vinavyoyeyuka mdomoni kabla hujavitafuna, visheti, kaimati zilizopita kwenye shira ya hiliki, mkate wa kumimina wenye matundu madogo juu kwa sababu mchele na nazi viliachwa usiku kucha viumuke. Hivi vinatoka majumbani, kwa akina mama ambao hawajawahi kujiita waokaji ingawa mikono yao inawashinda wengi wenye vyeti. Unawajua. Ni yule bibi wa nyumba ya tatu ambaye kila Ramadhani jikoni kwake hapatulii, kisha Idi ikipita mtaa mzima unamsahau. Mpe kazi mwezi wa Januari. Mwagize sinia la vileja kwa ajili ya kikao cha ofisini badala ya katoni ya biskuti, na umlipe nusu mapema ili anunue samli. Mwulize kama kuna binti anayejifunza kwake. Kama hayupo, mpeleke wako.

Ng'ambo ya maji, Unguja, mambo yamehifadhiwa vizuri kuliko kwetu, na anayevuka kwa boti nampa kazi ya nyumbani. Amka mapema pale Mji Mkongwe, usimame mahali ambapo baiskeli zinapita na mkate wa boflo, uununue ungali na joto, ule na maharage ya nazi au mchuzi wa pweza. Tafuta mkate wa ufuta uliokandwa kwa tui la nazi, unaoivishwa chini kwa kikaango na juu kwa kugeuziwa moto wenyewe. Tafuta mkate wa ajemi. Tafuta hasa mkate wa mofa, ule wa unga wa mtama, unaobandikwa kwenye ukuta wa tanuri la udongo, kwa maana mtama unalimwa hapa hapa nchini na hausubiri meli kutoka bandari yoyote. Anayeujua vizuri mkate huo mara nyingi ni mtu mzima sana. Sielewi kwa nini bekari za Dar zinazotafuta kitu cha kuzitofautisha na nyingine hazijaenda kumpigia hodi.

Ukishakuwa na mkate mzuri, utunze. Beba kikapu na kitambaa safi. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu 1 Juni 2019, na kitambaa ni bora hata hivyo, maana mkate wa moto ndani ya plastiki hutoa jasho, ganda likalainika na ukungu ukaja kesho yake. Usiuweke kwenye friji. Watu wengi hudhani baridi inauhifadhi, kumbe ubaridi wa friji ndio unaoufanya wanga ukakamae haraka kuliko ungekaa mezani. Kama ni mwingi, ukate vipande uugandishe kabisa, utoe kimoja kimoja. Mkate wa jana ukipashwa moto kikaangoni unarudiwa na ulaini kwa muda mfupi, wa kutosha kunywea chai. Ukiona ukungu, tupa mkate wote, usikate kipande kilichoota tu, kwa kuwa ukungu huingia ndani kuliko jicho linavyoona.

Kuna siku utapunjwa. Mkate ulioandikwa gramu 400 utakuwa na uzito wa kumtia aibu mwenye lebo, au utakuta kitu kisichopaswa kuwamo. Rudi kwanza kwa fundi, umwonyeshe, kwa sauti ya kawaida. Wengi watabadilisha na kuomba radhi, na utakuwa umepata bekari ya maisha. Asiposikia, uzito ni kazi ya Wakala wa Vipimo, na usalama wa chakula kwa Tanzania Bara uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Peleka malalamiko yakiwa na mkate wenyewe, karatasi yake na tarehe. Ukinyamaza, atakayeumia ni yule mwoka mwaminifu wa mtaa wa pili anayeshindana na bei ya udanganyifu.

Tuna la kuwaomba wakubwa pia. Ufaransa, tangu mwaka 1998, sheria hairuhusu duka kujiita bekari kama mkate wake haukukandwa, kuumbwa na kuokwa hapo hapo unapouzwa kwa mlaji. Duka linalopasha madonge yaliyoletwa yamegandishwa linaweza kuuza, lakini jina hilo hapana. Sioni kitakachotuzuia kuwa na maandishi ya namna hiyo mlangoni, yanayothibitishwa na TBS: umekandwa na kuokwa hapa. Mlaji atachagua mwenyewe.

Na diwani wako ana la kufanya karibu zaidi. Soko la Kariakoo liliungua 10 Julai 2021 na likapangwa kujengwa upya na kupanuliwa. Masoko mengine ya kata yanajengwa au kukarabatiwa, na kila mara michoro hujaa fremu za nguo na simu. Kwenye mkutano ujao wa mtaa, nyoosha mkono uombe fremu moja iwekwe bomba la moshi, maji na umeme wa njia tatu, iandikwe kwa ajili ya mwoka mikate, na kodi yake ya mwaka wa kwanza ipunguzwe mpaka tanuri lipate wateja. Omba jambo hilo liandikwe kwenye muhtasari wa kikao, na mkutano unaofuata uliza limefikia wapi.